Kajiado haikosi vipaji, inakosa wa kuvifuata

KIMANA, kusini mwa Kaunti ya Kajiado, si mahali ambapo Mkenya wa kawaida angeenda kumtafuta bingwa wa riadha. Ni nyanda za mifugo na ndovu, chini ya Mlima Kilimanjaro, mbali na vilima vya Iten na Kapsabet vilivyozoeleka kuwa chimbuko la wakimbiaji.

Hata hivyo, tangu 2012 morani kutoka manyatta za eneo la Amboseli wamekuwa wakikutana huko, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, kupimana nguvu katika mbio, kutupa mkuki, kutupa rungu na kuruka juu kwa mtindo wa Kimaasai.

Mashindano hayo, yajulikanayo kama Olimpiki ya Wamaasai, hayakuanzishwa kwa nia ya kusaka wanariadha. Yaliasisiwa na shirika la uhifadhi wa wanyamapori la Big Life kwa ushirikiano na wazee walezi wa morani, ili vijana wapate njia nyingine ya kuthibitisha ushujaa wao badala ya kumuua simba. Manyatta inayoibuka na ushindi hutuzwa fahali wa mbegu.

Kwa kufanya hivyo, waasisi wake walitimiza pia jambo ambalo serikali kwa miaka mingi imelipigia kelele majukwaani. Waliwaendea vijana mahali walipo, wakawashindanisha kwanza nyumbani kwao, kisha wakawakutanisha walio bora mbele ya umma.

Swali linalostahili kuulizwa ni la siku ya pili. Nani hubisha hodi katika manyatta ya mshindi wiki inayofuata? Nani huandika muda aliokimbia, umri wake, shule anayosoma au aliyoiacha, kisha akarudi baada ya miezi sita kumpima tena? Jibu haliko wazi, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo la Kenya katika kutambua na kukuza vipaji vya michezo.

Bahati iliyogeuzwa utaratibu

Balozi wa mashindano ya Kimana ni David Rudisha, mwana wa Kilgoris katika kaunti jirani ya Narok, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 mwaka 2012 na 2016. Rekodi yake ya dunia ya dakika 1:40.91, aliyoiweka London Agosti 9, 2012, bado haijavunjwa.

Safari yake inafunza mengi. Babake, Daniel Rudisha, alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichoshinda fedha katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne kwenye Olimpiki ya Mexico 1968. Japheth Kimutai, mwanariadha aliyejua vyema mbio za mita 800, ndiye aliyempendekeza kijana huyo kwa kocha Colm O'Connell wa Iten. Kufikia 2006, Rudisha alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi.

Hebu mwondoe baba aliyejua thamani ya mbio. Mwondoe mwanariadha aliyemtaja kwa kocha. Huenda anayebaki ni kijana mrefu wa Kimaasai anayechunga ng'ombe Kilgoris, na rekodi ya dunia inakwenda kwa mwingine.

O'Connell mwenyewe aliwasili kutoka Ireland mwaka 1976 kuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya St Patrick's, Iten. Hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Alibaki, akatazama, akajifunza, na mikononi mwake wakapitia wanariadha kama Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988.

Kisa cha Emmanuel Wanyonyi hakitofautiani sana. Aliacha shule akiwa mdogo akachunga mifugo, kisha akarudi darasani, na bingwa wa dunia wa 2007, Janeth Jepkosgei, akamshika mkono. Mwaka 2021 alishinda mita 800 katika mashindano ya dunia ya chipukizi jijini Nairobi. Mwaka 2024 akatwaa dhahabu ya Olimpiki jijini Paris.

Katika kila kisa kuna mtu mzima mmoja aliyeona, akafuata, akadumu. Hata Ethiopia, jirani na mshindani wetu mkuu, ina mfano wa aina hiyo katika mji mdogo wa Bekoji. Mwalimu wa shule ya msingi, Sentayehu Eshetu, aliwalea huko Derartu Tulu, Kenenisa Bekele na Tirunesh Dibaba kabla dunia haijawajua.

Watu kama hao ni tunu. Lakini taifa linalongoja wajitokeze wenyewe linacheza bahati nasibu, na Kajiado ni mojawapo ya kaunti ambazo tikiti zake hununuliwa kwa nadra.

Mji usio na pa kuchezea

Ukitoka Kimana kuelekea kaskazini hadi Kitengela, sura ya kaunti hubadilika kabisa. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake miaka ya themanini, na eneo la viwanda vya kuuza nje likafunguliwa Athi River mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mashamba yakauzwa, yakakatwa ploti, na malisho yakageuka mitaa.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini Kitengela. Kaunti nzima ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009. Miaka kumi baadaye walikuwa 1,117,840. Wengi wa wageni hao ni familia changa zilizokimbia kodi za Nairobi.

Maana yake ni kwamba Kitengela ina hazina ya watoto wa kila jamii na kila umbo. Humo mna wa kuruka, wa kurusha, wa voliboli, wa raga, wa mbio fupi. Mji wa namna hii haufai kupimwa kwa kipimo cha mita 800 pekee.

Kinachokosekana ni ardhi. Shule nyingi za kibinafsi katika miji inayokua kwa kasi hujengwa kwenye ploti ambazo majengo ya ghorofa hummeza mtoto na uwanja wake. Somo la michezo huwa ni kurukaruka juu ya saruji, au hutolewa dhabihu kwa masomo ya ziada mitihani inapokaribia.

Mtoto wa Kimana ana uwanda mpana lakini shule iko mbali. Mtoto wa Kitengela ana shule mlangoni lakini hana pa kukimbilia. Wote wawili hawana wa kuwafuata.

Ubaya wa upungufu wa Kitengela ni kwamba hauponyeki kirahisi. Kocha anaweza kuajiriwa mwaka ujao na vifaa vinaweza kununuliwa baadaye. Kiwanja kikishakatwa ploti na kujengwa, hakuna bajeti ya michezo itakayokirudisha.

Chujio lenye matundu makubwa

Watetezi wa mfumo uliopo husema kwamba michezo ya shule inatosha kuwa chujio. Kweli, ngazi zake zinajulikana: zoni, kaunti ndogo, kaunti, eneo, kisha taifa. Ni ngazi zilizozaa mabingwa, na si haki kuzibeza.

Lakini Kajiado hushindana katika eneo la Bonde la Ufa. Msichana wa Kajiado anayemaliza wa sita katika mita 1,500 huenda ameshindwa na wenzake wa Nandi, Uasin Gishu na Elgeyo-Marakwet, ambao baadaye watakuwa miongoni mwa walio bora duniani. Kwingineko angeitwa kambini mara moja. Huku hupanda basi kurudi nyumbani, na jina lake hubaki kwenye karatasi ya mwalimu wa zamu.

Aidha, chujio hilo humtazama mshindi wa siku. Katika umri wa miaka 14 au 15, anayeshinda mara nyingi ni yule ambaye mwili wake umekomaa mapema. Anayechelewa kukua, ambaye pengine ndiye atakayefika mbali zaidi, huondolewa akiwa bado hajaanza.

Historia ya karibuni ina mifano ya waliopenya licha ya chujio hilo. Ferdinand Omanyala alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kuingia katika mbio fupi. Mwaka 2021 alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti, kisha akawa bingwa wa dunia mwaka 2015 kwa umbali wa mita 92.72. Swali ni wangapi walioshindwa kupenya.

Uingereza ilipojiandaa kwa Olimpiki ya London, mwaka 2007 ilitangaza kuwatafuta vijana warefu, hata wasiowahi kushiriki mchezo husika. Helen Glover, ambaye amesimulia kwamba alisimama kwa vidole ili kufikisha kimo kilichotakiwa, alifundishwa kupiga makasia na akashinda dhahabu mwaka 2012 na 2016. Alipimwa uwezo wa mwili kwanza, mchezo ulifuata.

Ofisi tatu, mtoto mmoja

Kizingiti kikubwa zaidi kimo katika mgawanyo wa majukumu. Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kitaifa jukumu la kustawisha michezo na elimu ya michezo, ilhali kaunti zikapewa shughuli na vifaa vya michezo. Walimu nao huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC).

Hivyo basi, kiwanja ni cha kaunti, mwalimu ni wa tume, na chuo cha kitaifa cha michezo, kilichoanzishwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, ni cha wizara. Mtoto ni wa nani? Katika Kiswahili cha mtaani, mgeni wa wengi hulala njaa.

Yapo matumaini. Mtaala wa umilisi, CBC, umeweka sanaa na sayansi ya michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya masomo katika ngazi ya juu ya shule za upili. Kwa mara ya kwanza mzazi anaweza kuambiwa kwamba michezo ni njia rasmi ya elimu.

Tahadhari ni kwamba mkondo huo humpokea mwanafunzi akiwa na umri wa takriban miaka 15. Asipokuwa ametazamwa na kulelewa tangu shule ya msingi, darasa hilo litageuka kimbilio la waliokosa nafasi kwingine.

Yanayowezekana bila mabilioni

Hatua ya kwanza haihitaji uwanja wa kisasa. Saa ya kupimia, utepe wa mita na daftari vinatosha kumpima kila mtoto wa shule ya msingi mara moja kwa mwaka: kimo, mbio za mita 30, kuruka akiwa amesimama, na mbio ndefu kidogo.

Matokeo hayo yanaweza kuambatanishwa na nambari ya usajili ambayo Wizara ya Elimu humpa kila mwanafunzi. Mtoto akihama Kitengela kwenda Machakos, au akirudi manyatta msimu wa ukame, taarifa zake zimfuate. Anayeimarika mwaka hadi mwaka ataonekana hata kama hajawahi kushinda.

Pili, awepo afisa mmoja katika kila kaunti ndogo ambaye kazi yake ni kufuatilia majina hayo, na ambaye atapimwa kwa idadi ya watoto waliosalia katika mazoezi na masomo. Idadi ya vikombe isiwe kigezo chake.

Tatu, kaunti ina mamlaka ya kuidhinisha ugawaji wa ardhi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Itumie mamlaka hayo kudai sehemu ya kiwanja cha umma kabla ya shamba lolote kubwa la Kitengela, Isinya au Kiserian kukatwa ploti.

Nne, wasichana walindwe. Katika kaunti ambayo ndoa za mapema na ukeketaji vimewakatizia wengi masomo, licha ya sheria ya 2011, kukuza kipaji cha msichana ni pamoja na kuhakikisha yuko shuleni. Mauaji ya Agnes Tirop mjini Iten Oktoba 2021, akiwa na umri wa miaka 25, yaliwakumbusha Wakenya kwamba hata aliyefika kileleni huhitaji watu wa kumlinda dhidi ya wanaouzunguka umaarufu na fedha zake.

Pasipo hatua hizo, wengine wataendelea kuvuna. Billy Konchellah wa Kilgoris aliishindia Kenya ubingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1987 na 1991. Mwanawe, aliyezaliwa Gregory Konchellah, alishinda dhahabu ya dunia ya mita 1,500 mwaka 2009 jijini Berlin kwa jina la Yusuf Saad Kamel, akiwa amevalia rangi za Bahrain.

Wazee wa Kimana wamekwisha kuonyesha kwamba kijana huacha mkuki wa kumwinda simba akipewa sababu ya kuutupa uwanjani. Kilichobaki ni kwa wenye ofisi kufika huko na daftari, na kurudi tena. Udongo uwahi ungali maji, na Kitengela udongo huo unauzwa kwa ploti kila siku ipitayo.