Kliptown: Mgeni Atalala Nyumba ya Nani?



Mwezi wa Julai 2024 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ilipokutana New Delhi, iliingiza katika orodha yake maeneo kadhaa ya Afrika Kusini yanayohusu mapambano ya ukombozi na jina la Nelson Mandela. Mojawapo ni Uwanja wa Walter Sisulu, Kliptown, katika Soweto ya Johannesburg. Mahali pakishaingia katika orodha hiyo, maofisini huulizwa mambo mawili: wageni watakuja wangapi, na watalala wapi. Hilo la pili huonekana dogo. Mimi naona ndilo kubwa, na Kliptown walikwisha kulijibu mara moja. Jibu lao linatuhusu sisi wa Unguja na wa Oman.

Tarehe 25 na 26 Juni 1955 wajumbe wapatao 3,000 walikutana katika uwanja ule, wakati huo kiwanja cha vumbi tu, wakapitisha Mkataba wa Uhuru. Mandela na Sisulu walikuwa wamepigwa marufuku na serikali, wakautazama mkutano kwa mbali. Siku ya pili polisi waliuvamia. Mwaka uliofuata watu 156 walikamatwa kwa shtaka la uhaini, na waliobaki kizimbani hadi mwisho waliachiwa huru 1961. Mkataba ule una vifungu kumi, na kimoja kinahusu nyumba: kila mtu apate makao ya heshima. Nawaomba mkiweke akilini kifungu hicho.

Tarehe 26 Juni 2005, miaka 50 kamili, Rais Thabo Mbeki aliufungua uwanja mpya. Wasanifu wake, StudioMAS, waliipata kazi kwa mashindano. Ndani ya mnara wa matofali wenye umbo la pia iliwekwa nakala ya Mkataba. Zilisimamishwa nguzo kumi, na yakajengwa majengo marefu yenye maduka na nafasi za wachuuzi. Mwaka 2007 ikafunguliwa hapo hoteli ya nyota nne, yenye vyumba visivyofika 50. Nia ilikuwa njema: mgeni asije kwa basi, akapiga picha, kisha akarudi kulala Sandton na fedha zake mfukoni.

Lakini ng'ambo ya reli, mwendo wa dakika chache kwa miguu, watu wa Kliptown waliendelea kuishi katika vibanda vya mabati, wakichota maji kwenye bomba la pamoja na kushirikiana vyoo. Mgeni alilala mahali palipopitishwa kifungu cha nyumba, na jirani aliyekuwa akikingoja kifungu hicho alimtazama kutoka upande wa pili wa reli.

Yaliyofuata yanajulikana. Katika miaka ya karibuni uwanja uliporwa: nyaya, milango, mabati. Maduka yakahamwa, makumbusho yakafungwa, hata mnara wa Mkataba haukusalimika. Ghasia za Julai 2021 zikaongeza hasara. Simtetei mwizi, na wizi wa nyaya umeenea Johannesburg nzima. Nauliza tu: mbona majirani hawakuulinda uwanja kama mtu alindavyo chake?

Shule ya misheni nilikosoma walitufundisha daftari la hesabu lenye pande mbili, na ukarani wa miaka mingi ukanikaza tabia hiyo: fedha ikiingia, andika imempata nani. Nikifanya hivyo Kliptown, upande wa wenyeji nakuta ajira chache na meza za kuuzia bidhaa. Hakuna chumba hata kimoja ambacho mwenyeji anaweza kusema ni chake.

Tazameni hukohuko Soweto, Orlando West, ambako mitaa ya maandamano ya wanafunzi ya 16 Juni 1976 nayo imo katika orodha ya 2024. Nyumba ya wageni iitwayo Lebo's Soweto Backpackers ilianzia katika nyumba ya familia. Mbele yake palikuwa jalala, wenyewe wakapasafisha pakawa bustani. Hakukuhitajiwa mnara.

Kwetu Unguja tunalo somo letu. Jumba la Mambo Msiige, Shangani, liligeuzwa hoteli kubwa iliyofunguliwa 2015, na UNESCO ililalamikia ukubwa wa jengo jipya lililoungwa nalo. Ugomvi ulihusu urefu wa kuta, na wachache waliuliza watu wa Mji Mkongwe wamepata fungu gani. Huku Oman, Misfat al Abriyin, wenyeji walizitengeneza nyumba zao za udongo zikawa za wageni. Mgeni hulala chini ya dari ya magogo ya mitende, hula chakula cha nyumbani, na falaji inapita njiani. Mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikitaja kijiji hicho miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani.

Sasa Johannesburg itabidi iukarabati uwanja, kwa kuwa orodha ya UNESCO ina masharti yake. Rai yangu ni hii. Kwanza maji, vyoo na umeme vivuke reli, ndipo vije vitanda vya wageni. Pili, vyumba vitawanywe katika nyumba za Kliptown yenyewe, na wenye nyumba wapewe mikopo na mafunzo ya kuviendesha. Tatu, hoteli iliyopo uwanjani itenge hisa kwa wakaazi, ziandikwe kwa majina yao.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kliptown mgeni alikuja miaka 20 iliyopita, na mwenyeji angali anangoja kupona.