Uzi na Tufe

Mtu wa kwetu akitaka kujua Nairobi na New York zimeachana masafa gani, huiendea ramani ya ukutani, akaweka rula, akatoa jawabu. Mtindo huo wapotosha, na yasikitisha kuwa watoto wetu hukua nao. Ramani ni karatasi iliyonyoshwa, na dunia ni mviringo mfano wa chungwa.

Twaa tufe la dunia na uzi wa kushonea. Shika ncha moja Nairobi, ya pili New York, uukaze. Rula ilikupitisha kaskazini ya Naijeria, na Mali. Uzi hautaki huko. Utapanda kaskazini magharibi, upite Sudan Kusini, Chad, Sahara na Morocco, uingie Atlantiki, upande juu zaidi ya New York yenyewe, ndipo ushuke. Hiyo ndiyo njia fupi, yapata kilomita 11,840. Ile ya rula huizidi kwa zaidi ya kilomita 300.

Kwa wenye elimu ya dini jambo hili si geni. Mwaka 1025, huko Ghazna, al-Biruni alimaliza kitabu kizima juu ya kujua miji ilipo na masafa baina yake, na katika shabaha zake ilikuwamo kibla ya Ghazna. Sisi wa Mombasa tumepata wepesi: Makka iko kaskazini yetu sawasawa, hatuna la kubishania. Waislamu wa Marekani wamebishana sana. Mwenye ramani husema kibla cha New York ni kusini mashariki, mwenye tufe husema kaskazini mashariki. Mimi ni wa tufe, na misikiti mingi ya huko kadhalika. Jambo la sala si la kukisia kwa rula.

Ama saa za safari, hapo ndipo penye porojo. Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja hadi New York, tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba ilikuwa kiasi cha saa 15 kwenda na 14 kurudi. Wako wanaoshikilia kuwa tofauti hiyo yatokana na dunia kuzunguka chini ya ndege. La! Hewa nayo huzunguka pamoja na dunia. Sababu ni upepo: huko juu, kiasi cha kilomita kumi, pepo kali huvuma kutoka magharibi. Kwenda ni mbisho, kurudi ni upepo wa nyuma. Manahodha wetu waliokuwa wakingoja kusi wasingetaka maelezo marefu.

Tena usitoe saa kwa saa. Ndege ikiruka Nairobi saa sita za usiku, ikakaa safarini saa 15, wakati wa baridi ya huko itatua New York saa moja asubuhi. Anayetazama tiketi tu atadhani ni mwendo wa saa saba. Akirudi, akiondoka saa sita mchana, atafika Nairobi saa nne ya asubuhi ya pili, na kwa hesabu ile ile atadai amekaa hewani saa 22. Kumbe ni 14.

Wizara ya Elimu ingelipa kila shule tufe moja, nusu ya ubishi huu ingekwisha darasani. Uzi watoto watakuja nao.