Boila Likifa, Tangi Nalo Lina Kosa Gani?



Baridi ikikaza huku Uingereza habari huwa ni ile ile. Boila la gesi la nyumba fulani limezima, watoto wanaogeshwa kwa maji ya birika, na fundi keshakuja na kuondoka, kaacha karatasi ya bei. Karatasi tunazoonyeshwa na jamaa zetu zinafanana mno. Hakuandikwa boila peke yake. Limeandikwa na tangi la maji ya moto, jumla inakaribia pauni 5,000, na chini kabisa pana mstari wa kulipa kidogo kidogo kila mwezi.

Sisi tunaona familia nyingi zinalipishwa kwa kitu ambacho hakijafa.

Boila na tangi ni vyombo viwili. Boila lina feni, pampu na bodi ya umeme, vitu vinavyochakaa, na likifika miaka 10 hadi 15 si ajabu likachoka. Tangi la shaba halina kinachozunguka ndani yake. Kama halivuji, laweza kuzika maboila mawili. Boila jipya pamoja na ufundi ni kama pauni 2,000 hadi 3,500. Tangi jipya huongeza 1,000 hadi 2,000. Kwa hiyo kumuuliza fundi "tangi lina kosa gani?" ni swali la pesa nyingi. Mwaminifu atakuonyesha: hapa linavuja, au limejaa chokaa (wakaazi wa London wanaijua chokaa ya maji yao), au koili yake ni ndogo kwa boila jipya. Mwengine atasema tu "ni la zamani". Uzamani si ugonjwa.

Wengine hushauriwa waling'oe tangi wafunge kombi, yaani boila linalopasha maji yanapopita tu. Kwa nyumba ya watu wawili watatu halina neno. Lakini kombi la kilowati 24 hutoa kama lita 10 za maji ya moto kwa dakika wakati wa baridi. Nyumba ya watu saba, wote wameamka alfajiri, mmoja anaoga, wa pili anatawadha, mama yuko jikoni: maji ya nani yatakuwa moto? Isitoshe, serikali inatoa ruzuku ya pauni 7,500 huko England na Wales kwa anayehamia pampu ya joto, na pampu hiyo kwa kawaida huhitaji tangi. Ukishageuza kabati la tangi kuwa la mashuka, utalitafuta.

Tena matangi mengi yana hita ya umeme ndani, ya kilowati 3. Boila likizima, iwashe. Tangi la lita 180 litapata moto kwa saa tatu na nusu hivi. Umeme ni ghali kuliko gesi, lakini siku chache hizo zinakupa nafasi ya kuita mafundi watatu badala ya kutia sahihi kwa hofu. Usishushe joto la tangi chini ya digrii 60, maana bakteria wa legionela huzaana kwenye maji ya vuguvugu.

Sasa ule mstari wa chini. Tuchukue pauni 4,000 kwa miaka 10, riba asilimia 11.9 kwa mwaka. Kila mwezi ni pauni 56, unaona si kitu. Mwisho utakuwa umelipa karibu 6,700. Hukumu ya riba mnaijua, hatuna haja ya kuirudia. Hesabu peke yake yatosha kumkimbiza mtu. Na pesa za kwanza kukatwa huwa ni zile za bibi kule Mombasa.

Mbona upatu tunaucheza kwa ajili ya arusi? Nyumba 20 zikitoa pauni 100 kila mwezi ni 2,000 kwa zamu moja, na aliyefiwa na boila Januari apishwe mbele. Kina mama wetu wameendesha mambo haya miaka mingi bila benki.

Nyinyi wanafunzi mnaopanga, hayo ya bei si yenu. England na Wales, sheria inamwajibisha mwenye nyumba kutengeneza mitambo ya joto na maji ya moto, na kila mwaka lazima gesi ikaguliwe na mpewe nakala ya cheti. Msikubali kuchangishana. Na yeyote anayegusa gesi lazima awe amesajiliwa na Gas Safe. Mwombeni kadi, geuzeni nyuma msome kazi anazoruhusiwa. Kaboni monoksaidi haina harufu, na kengele yake ni pauni 20 hivi.