Jioni Kando ya Bwawa

Askari apatapo mapumziko ya siku moja, mara nyingi mfuko wake haumruhusu kuwapeleka watoto matembezi ya mbali. Hata hivyo, nchini Uganda mabwawa na vinamasi si haba, na kutazama ndege hakuna kiingilio.

Koplo mmoja wa polisi wilayani Mbarara alifanya hivyo Jumapili moja. Saa kumi na moja na nusu jioni aliketi nyasini pamoja na mkewe na watoto wao wawili, mbali kidogo na ukingo wa bwawa la kunyweshea ng'ombe. Amri yake ilikuwa moja tu: kimya, kama katika lindo la usiku.

Kwa robo saa hapakuonekana kitu. Kisha ndege mwenye vidole virefu mno akatokea, akatembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Mama akawanong'oneza watoto kwamba kwa ndege wa aina hiyo dume ndiye alaliaye mayai na kuwabeba makinda chini ya mbawa zake. Binti akamtazama baba yake, akatabasamu.

Mara korongo taji, ambaye Waganda humwita ngaali, akainuka katikati ya mafunjo. Mwenzake akaja kumpokea zamu. Kabla hajaketi, mayai matatu yakaonekana wazi.

"Baba," mvulana akanong'ona, "nikachukue moja tu, tulitie chini ya kuku wetu?"

"Mwanangu," baba akajibu, "ndege huyo yumo katika bendera niipigiayo saluti kila asubuhi. Nitamheshimuje kule juu mlingotini, na huku chini nimwibie mayai yake?"

Mvulana akainamisha kichwa, asiseme neno.

Jibu lile lina uzito. Korongo taji amekuwamo katika bendera ya Uganda tangu tarehe 9 Oktoba 1962. Hutaga mayai mawili hadi manne, na wazazi wote wawili huyalalia kwa zamu kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Vinamasi vinakaushwa ili kupata mashamba, sumu inamwua, nyaya za umeme zinamnasa, na mayai na makinda yake yanachukuliwa. Yai moja huonekana dogo kwa mtoto. Kwa jozi ile ni theluthi ya uzao wake.

Wazazi watakaofuata mfano huo wakumbuke mambo mawili. Kwanza, watoto wasioge wala kuchezea maji ya bwawa, kwa sababu ya kichocho. Pili, palipo na viboko, jamaa iondoke kabla ya jua kuchwa. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na mtu asimamaye kati yake na maji huihatarisha roho yake.

Giza lilipokaribia, kundi la korongo likapita angani likielekea kwenye miti mirefu, kwani ndege hawa hulala mitini. Jamaa ile ikainuka polepole. Mvulana ndiye aliyetangulia, akinyata, kidole mdomoni, akimwashiria dada yake asikanyage kijiti kikavu.