Kitabu cha mapishi ni bidhaa, lakini si kwa gundi hii

Mwezi uliopita nilirudi kutoka Kisumu na boksi la vitabu ambalo sikulipeleka huko ili lirudi. Vilikuwa vitabu vya mapishi, kurasa 96, vilivyoandikwa na kikundi cha akina mama hapa Kampala: luwombo, firinda ya Toro, eshabwe ya Ankole, malewa ya Bugisu, malakwang ya kaskazini. Mama mwenye duka alinikaribisha vizuri, akaniwekea chai, kisha akachukua kitabu kimoja, akakifungua katikati na kukilaza mezani kama mtu aliye jikoni. Kurasa nne zikabaki mkononi mwake.

"Mwanangu," akaniambia, "hiki nimuuzie nani?"

Sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani nilivijaribu vilivyobaki kimoja kimoja, na zaidi ya nusu vilikuwa hivyo hivyo.

Sisi wa mipakani tumezoea kulaumu forodha. Safari hii forodha haikuwa na kosa. Vitabu vilivyochapwa vimewekwa kwenye asilimia sifuri katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, na mali iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha asili. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani upo utaratibu uliorahisishwa, ambapo cheti hujazwa pale pale mpakani, mradi bidhaa iwe katika orodha waliyokubaliana nchi mbili husika. Uliza kabla ya kupakia, na ubebe risiti ya kiwanda inayoonyesha kwamba kitabu kilichapwa Uganda. Kodi ya ongezeko la thamani ni habari nyingine, kila nchi ina yake. Mimi pale Busia sikucheleweshwa. Nilichelewa kuelewa nilichokuwa nimekibeba.

Kosa lilianzia mjini. Anayeijua Barabara ya Nasser na ile ya Nkrumah anajua kwamba kazi ya kuchapa pale imegawanyika. Huyu anapanga maneno kwenye kompyuta, yule anatengeneza pleti, wa tatu ana mashine ya ofseti, wa nne anakata karatasi, wa tano anapaka gundi na kuvika jalada. Ndiyo maana bei ni nafuu na kazi huisha haraka. Kalenda, kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya wanasiasa, vyote hutoka pale vikiwa safi, na sijaona mtaa mwingine wa kuulinganisha nao. Lakini kitabu kikipasuka, hakuna mwenye kosa. Mchapaji atakuambia muulize aliyejalidi, naye aliyejalidi atakuambia karatasi ililetwa ikiwa imekatwa vibaya. Mimi nilizungushwa hivyo siku mbili.

Na kitabu cha mapishi kina maisha magumu kuliko vitabu vyote. Riwaya husomwa kitandani mara moja, ikapumzika. Cha mapishi hufunguliwa mahali pale pale mara mia, kwa mkono wenye mafuta, karibu na mvuke wa sufuria. Gundi ikipakwa nyembamba juu ya karatasi zilizokatwa moja moja, huachia. Kurasa 96 si nyingi: zingeweza kukunjwa katika mafungu ya kurasa 16, yaani mafungu sita, na kushonwa kwa uzi kabla ya kuvikwa jalada. Kama uzi ni ghali, weka ringi ya waya, kitabu kilale wazi chenyewe. Kijitabu kidogo zaidi kinatosha pini mbili za mgongoni. Jalada nalo lipakwe plastiki, mafuta yafutike.

Haya yote mafundi wetu wanayaweza, nimeyaona kwa macho yangu. Hawayafanyi kwa sababu hatuwaagizi. Tunaingia pale tukiuliza swali moja tu, "Bei ya mwisho ngapi?", na fundi anaipunguza mahali ambapo jicho halifiki, yaani kwenye mgongo wa kitabu. Basi niliyojifunza kwa hasara yangu ni haya: mkabidhi mtu mmoja kazi nzima, akujibu yeye; dai nakala moja iliyojalidiwa kabla ya nyingine kuanza; ivute kurasa za katikati mbele yake; na ubaki na sehemu ya malipo hadi uhesabu na kujaribu mzigo.

Kuna mtu ataniambia achana na mapishi, uza vitabu vya shule. Vya shule vina wenyewe. Tena mtaala ukibadilika, kama wa sekondari za chini ulivyobadilika hapa Uganda mwaka 2020, aliyejaza stoo anabaki na karatasi za kufungia karanga. Luwombo haina mtaala.

Wala hili la akina mama kuandika mapishi na kuyauza si jipya kwetu. Nairobi, mwaka 1928, chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's kilitoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya walowezi, nacho kikachapishwa tena na tena kwa miaka mingi. Kiswahili kilichomo ni cha kumwagiza mpishi. Mpishi mwenyewe hakuulizwa kwao wanapika nini. Sasa mjukuu wake ana simu, ana kikundi, ana Barabara ya Nasser, na tangu Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, ana lugha ambayo mnunuzi wa Mwanza na wa Goma wataisoma bila mkalimani. Toleo la akina mama wetu lilikuwa la Kiingereza na Kiganda tu. Hilo nalo lilikuwa kosa, na mama wa Kisumu aliligusa pia: wateja wake walipenda picha, wakauliza maneno.

Zamani Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilichapisha kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine kwa ajili ya nchi zetu tatu. Lilikufa pamoja na Jumuiya ya kwanza mwaka 1977. Jumuiya imerudi, mabasi ya usiku yanakwenda, na bado naona boksi za vitabu chache mno kati ya magunia.

Kikundi kimekubali kuchapa upya, kwa Kiswahili safari hii, kwa uzi, na gharama tunagawana kwa sababu uzembe ulikuwa wetu sote. Nakala ya kwanza iliyoshonwa nimeifungua ukurasa wa malewa, nikaiacha karibu na jiko kwa wiki nzima. Ina doa la samli, na kurasa zote zipo. Nikivuka tena Busia, dukani kwa yule mama nitaingia na hiyo hiyo yenye doa.