Tusinunue Pampu ya Pili

Wenzangu, na ninyi wakubwa wetu mliomaliza masomo hapa na bado mnalisoma gazeti hili, naomba nafasi niseme neno juu ya tangi la samaki lililo katika maktaba yetu. Mchango unakusanywa wa kununua pampu ya pili ya hewa, yenye nguvu kuliko ile ya kwanza, kusudi samaki waongezwe kutoka 18 hadi 30. Nimeombwa nichange. Sijachanga, na ni afadhali nieleze sababu yangu mbele ya watu wote kuliko kunung'unika bwenini.

Wenye shauri hilo husema hivi: samaki wanahitaji hewa, mapovu ni hewa, basi mapovu yakiwa mengi samaki watastarehe. Maneno hayo ni matamu, lakini tazameni kiputo kimoja kinavyokwenda. Kinatoka katika lile jiwe dogo lililo chini ya tangi, kinapanda, na kwa muda wa sekunde moja au mbili kimekwisha pasuka juu. Hewa iliyokuwamo, karibu yote, imerudi chumbani ilikotoka. Iliyoyeyuka majini njiani ni kidogo mno. Kazi kubwa ya mapovu ni nyingine. Huyavuta maji ya chini yakapanda juu, tena huutikisa uso wa maji, na hapo usoni ndipo oksijeni iingiapo na gesi chafu ya pumzi za samaki itokapo. Asiyesadiki na atie tone la wino katika ndoo ya maji isiyo na samaki, kisha atumbukize mpira wa pampu. Ataona jinsi wino unavyozungushwa upesi.

Ikiwa ni hivyo, basi la kuangaliwa kwanza ni upana wa tangi. Letu lina urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30. Hata tukitia pampu tatu, uso wake utabaki ni ule ule. Utatikisika zaidi, lakini hautapanuka.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana wengine wetu tunasoma kemia na haifai tuiache darasani. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 hubeba kama miligramu 8 tu za oksijeni yakiwa yameshiba kabisa, na kwetu huku hata hizo 8 hazifiki, kwa kuwa Ziwa Viktoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari. Tangi letu lina lita 60. Kwa hiyo oksijeni yote iliyomo haifiki nusu gramu, nayo ni sawa na ile iliyo katika lita mbili hivi za hewa tunayovuta sisi. Hiyo ndiyo akiba ya samaki 18! Umeme ukikatika usiku, mapovu hukoma papo hapo, lakini samaki hawaachi kupumua. Na yale majani tuliyoyapanda, ambayo mchana hutoa oksijeni, gizani nayo huitumia. Mimi ndiye nifunguaye maktaba saa kumi na mbili asubuhi, na muhula huu mara mbili nimewakuta nkejje wetu (wengine huwaita furu) wamejipanga juu kabisa, midomo ikitweta. Pampu kubwa ingefanya nini hapo? Nayo hula umeme ule ule. Tukiwa na samaki 30, akiba ile itakwisha mapema zaidi, na wa kufungua mlango atakuta maiti.

Tena kuna uchafu. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na mapovu hayaiondoi. Huondolewa na bakteria wanaokaa katika mchanga na katika chujio, na kwa mkono wa mtu anayebadilisha sehemu ya maji kila juma. Zamu hiyo ya maji, niseme kweli, ina watu wachache kuliko mchango wa pampu.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara wengi walikufa katika ziwa letu, na wakuu wa serikali ya Uganda walieleza kuwa oksijeni ilipungua baada ya dhoruba kuyavuruga maji. Maji ya chini, yasiyo na hewa, yalipandishwa juu. Kumbe kuvuruga peke yake si dawa, ikiwa chini kumeharibika.

Sisemi pampu ni kitu kibaya. Ile tuliyo nayo tuitunze, tena tuifunge kwenye chujio la sponji, ili maji yapite mle walimo bakteria. Na iwekwe juu kuliko uso wa maji. Ilipo sasa, umeme ukizimika maji yaweza kurudi katika mpira na kuiharibu. Umeme usipokuwapo, mtu achote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, achote tena na kumimina. Hufanya kazi ile ile ya mapovu, wala hakuna senti inayotoka.

Mwaka 1850 mkemia Mwingereza Robert Warington aliwaeleza wenzake jinsi alivyowaweka samaki wa dhahabu pamoja na majani ya majini na konokono, bila mashine yo yote. Lakini samaki wenyewe walikuwa 2, nao wadogo.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba wabaki 8. Najua wadogo zetu wa kidato cha kwanza watasikitika, maana wamekwisha wapa majina wote 18. Na ninyi wakubwa wetu mliotununulia tangi hili, ambao nasikia mnataka kutuma fedha tena, twawashukuru sana, ila msitutumie pampu. Tutumieni tangi lililo pana, hata likiwa la kina kifupi, na hapo tutazungumza habari za kuongeza samaki.

Shule ya msingi iliyo jirani yetu ina birika pana la saruji, na mwalimu wao amekubali kuwapokea wale 10. Tutawapeleka Jumamosi asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Aliye tayari kubeba ndoo na anione.