Sitakupa Lokeshoni ya Shamba la Alizeti

Tangu nirudi kutoka Kitale na Bungoma, karibu kila aliyeona picha zangu za alizeti ananiambia neno moja: "Tuma lokeshoni." Jibu langu ni hapana. Najua ni ajabu kidogo kwa mtu anayelipwa kuandika programu, nyingine zikiwa na ramani ndani yake, kukataa kutuma namba mbili tu. Kwa hiyo naomba nijieleze.

Kwanza, sitaki mtu adhani namnyima safari. Njia ni hii: toka Kitale asubuhi, shika barabara ya Webuye. Utapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, na ukifika Webuye unapinda kulia kwenda Bungoma. Hadi hapo Webuye, Mlima Elgon utakuwa upande wako wa kulia, mawingu yakiruhusu. Usitegemee bahari ya maua kama zile za kwenye kalenda. Huku ni nchi ya mahindi, na ukikaribia Bungoma ni nchi ya miwa. Alizeti utaikuta vipande vipande: nusu ekari hapa, ekari moja pale, katikati ya mahindi. Ndiyo maana unapoliona hilo shamba la njano ghafla unataka kushuka garini.

Wala alizeti si mgeni huku. Kampuni ya Kenya Seed, yenye makao makuu Kitale, ilianza mwaka 1956 kwa mbegu za nyasi za malisho, na mwaka 1958 ikaingia kwenye alizeti, hasa ya kulisha ndege wa kufugwa huko Ulaya. Mahindi chotara yaliyoipa jina yalikuja baadaye. Leo anayepanda alizeti anafikiria mafuta. Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, hasa ya mawese kutoka kusini-mashariki mwa Asia, kwa hiyo kila mtungi unaokamuliwa hapa una maana. Makapi yanayobaki, yaani mashudu, ni chakula kizuri cha ng'ombe.

Kidokezo kwa wapiga picha: alizeti changa hulifuata jua kutoka mashariki hadi magharibi, na usiku hurudi mashariki. Ikishakomaa hutulia, ikitazama mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science ulionyesha kwamba ua linalotazama mashariki hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hulipenda zaidi. Kwa hiyo nenda asubuhi, simama upande wa mashariki wa shamba, na utapata nyuso zote za maua na Elgon nyuma yake.

Sasa turudi kwenye zile namba mbili.

Mahali fulani kati ya Kiminini na Webuye tulisimama tukamwomba ruhusa mama mwenye shamba. "Pigeni tu picha, watoto wangu, lakini msikanyage. Hiyo ni karo ya shule." Nilipomweleza kwamba ninaweza kuliweka shamba lake kwenye ramani ili watu wengine walione, aliuliza swali moja: "Wataniuliza kabla hawajaja?"

Mimi ni mtu wa kompyuta, na swali hilo nalijua jibu lake. Hapana, hawatakuuliza. Programu nyingi za ramani humruhusu mtu yeyote kupendekeza au kuongeza mahali. Huenda akaulizwa jina la mahali, aina yake, labda na picha. Nafasi ya kujaza kwamba mwenye mahali amekubali, sijaiona.

Tena namba hizo ni kali kuliko watu wanavyodhani. Huku karibu na ikweta, nyuzi moja ni takriban kilomita 111. Ukiandika latitudo na longitudo kwa tarakimu tano baada ya nukta, unamwonyesha mtu mahali kwa usahihi wa takriban mita moja. Hiyo haisemi tena "huko Trans Nzoia". Inasema "mlango wa huyu mama". Na huhitaji hata kuziandika: simu ikiwa imeruhusiwa kutumia GPS kwenye kamera, huzihifadhi ndani ya faili ya picha yenyewe. WhatsApp huziondoa ukituma picha kwa njia ya kawaida, lakini ukiituma kama dokumenti, zinakwenda nayo.

Kasoro nyingine ni kwamba alama ya ramani haina msimu. Alizeti huchukua miezi mitatu hadi minne hivi kutoka kupandwa hadi kuvunwa, na maua hupendeza kwa wiki chache tu. Alama hubaki. Mwaka ujao mama amepanda maharagwe, na watu bado wanabisha mlangoni kuuliza maua yako wapi.

Utasema natia chumvi. Basi tazama Ontario, Kanada. Mwishoni mwa Julai 2018 shamba la mbegu la Bogle Seeds lilifungulia watu milango waje kupiga picha na alizeti, kwa malipo. Picha zikasambaa mtandaoni, wakaja maelfu, magari yakajaa barabarani, polisi wakaingilia, na baada ya siku chache tu wenyewe wakafunga. Hao walikuwa wamekubali, wamejiandaa na wanatoza kiingilio. Mwenye nusu ekari afanye nini? Kumbuka pia kwamba mche wa alizeti ya kibiashara kwa kawaida hubeba kichwa kimoja. Ukikichuma kwa ajili ya picha, umechukua mavuno yote ya mche huo.

Naomba nieleweke: sipingi ramani. Ushahidi ilizaliwa hapa Kenya mwaka 2008, ramani ikiwasaidia watu kuripoti ghasia za baada ya uchaguzi. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliichora Kibera yao wenyewe katika mradi wa Map Kibera. Tofauti ni nani anaamua. Kule waliochora walikuwa wakazi, kwa faida yao. Shamba la huyu mama linachorwa na mpita njia, faida ni ya mpita njia, na hasara inabaki kwake. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataja data ya mahali miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu. Sisemi picha yako ni kosa la jinai. Nasema wazo la kuuliza kwanza si la kigeni kwetu.

Na kama mkulima anataka wageni? Vizuri sana, ajiweke mwenyewe kwenye ramani, na bei yake.

Kwa wenzangu wanaoandika programu, naomba vitu viwili: sehemu ya ridhaa ya mwenye mahali, na tarehe ya alama kujifuta yenyewe. Zote mbili ni safu mbili tu kwenye hifadhidata. Si kazi ya mwezi mzima.

Kwa msafiri: taja barabara, usitaje shamba. Zima lokeshoni ya kamera. Salimia, omba ruhusa, simama kando, usichume. Wakiwa na mafuta ya kuuza, nunua lita moja, hata kama si rahisi kuliko ya dukani. Barabara nimeshakupa, maua utayaona mwenyewe, na mwenye shamba utamkuta hapo hapo. Muulize yeye. Au wewe unaonaje?